Tata Anataka Miguu Ikatwe

Makongeni, Thika
4 Agosti 2025

Ciku wangu,

Mimi ni mzima isipokuwa masikio, na hayo unayajua. Miaka kumi na tisa kando ya mashine ya kufunga mikebe ya nanasi haikuniachia kitu cha kusikilizia simu, ndiyo maana nakuandikia na utanivumilia. Cucu yako, mama yetu, anakula vizuri na anakataa dawa vizuri vilevile. Kuku wangu mweupe ameanza kutaga kwa jirani, na jirani anajifanya hajaona yai hata moja. Mama yako alipita hapa Jumapili na kofia mpya ambayo sitaisemea lolote kwa sababu ni dada yangu.

Flashi yako ilifika na Mugo, ndani ya gari la mikate, katikati ya mkate mweupe na ule wa siagi. Nikaichomeka kwenye ile TV mpya ya inchi arobaini na tatu. Sasa niambie, Ciku, mlinifanya nini huko dukani kwenu Ruiru? Nilikupa kanda ya video ya mwaka wa 1993 uihamishe, siku ya michezo ya kiwanda, wasichana wembamba wote wanakimbia na kreti za mikebe kichwani. Umenirudishia wamama wanene! Mimi nilikuwa na kiuno kilichosimamisha mashine tatu. Kwenye hiyo flashi nina kiuno cha tangi la maji. Hata meneja, ambaye alikuwa mkonde kama ufagio, amekuwa mtu wa kula nyumba tatu.

Huu si mzaha. Tarehe 29 Novemba sisi tuliofanya kazi pale tunakutana ukumbi wa kanisa, na TV yangu ndiyo itabebwa. Wangechi atakuwepo. Kwa miaka thelathini na miwili Wangechi amewaambia watu kwamba nilimtegea mguu pale mwisho wa mbio, kwamba cherehani ya zawadi niliyopewa ilikuwa yake. Cherehani ile ile iliyoshona sare zako kuanzia chekechea hadi fomu foo. Alikuwa rafiki yangu wa kula sahani moja, na tangu siku hiyo hajaniambia hata “habari yako”. Nataka hiyo kanda imfunge mdomo mbele ya watu wote.

Niliiangalia mara moja tu, halafu stima ikapotea. Nifanyie picha mpya: niwe mwembamba, na TV ijae yote.

Wako,
Tata Gathoni


Ruiru
15 Agosti 2025

Tata mpendwa,

Shikamoo yangu iwafikie wewe na cucu, na umwambie asipokunywa dawa nitakuja mwenyewe na kijiko. Hapa tuko sawa. Duka limejaa kanda za watu: harusi, mazishi, na moja ya mzee aliyerekodi ng'ombe wake kwa saa mbili bila kusema neno. Gachau anasema hiyo ya ng'ombe ndiyo bora kuliko zote.

Pole sana kwa kiuno. Kosa ni letu, yaani ni la Gachau, lakini mimi ndiye nilikuwa nimesimama kando yake nikimpigia hadithi. Nikueleze kwa lugha ya fundi wa nguo, utaelewa haraka kuliko mimi. TV za zamani zilikuwa karibu mraba: kwa kila upana wa nne, kimo cha tatu. Kanda yako ilirekodiwa hivyo. TV yako mpya imekatwa pana: kumi na sita kwa tisa. Sasa ukichukua picha nyembamba ukaivuta ifike kwenye pembe zote za TV pana, urefu haubadiliki, lakini kila kitu kinaongezwa theluthi kwa upana. Kiuno cha inchi thelathini kinakuwa arobaini. Hakuna aliyenenepa, Tata, ni kitambaa kimevutwa.

Kwa hivyo nimekutumia nyingine, ya haki. Picha imekaa katikati kwa umbo lake la kweli, na pande mbili za TV zimebaki nyeusi. Wewe ni mwembamba mpaka Gachau ameuliza kama ulikuwa unakula. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Kuhusu TV kujaa yote na wewe ubaki mwembamba, hapo kuna njia moja tu: kuikuza picha mpaka ijaze upana, halafu kinachozidi juu na chini kikatwe. Kinachokatwa ni robo nzima. Ukinisikiza mimi, achana na hiyo. Nyeusi ya pembeni haimdhuru mtu.

Mwanao,
Ciku

N.B. Gachau anasema hiyo mbio ni tamu kuliko mpira.


Makongeni
9 Septemba 2025

Ciku,

Barua yako nimeipata jana. Mugo aliiweka chini ya trei za mikate na ikazunguka naye Gatanga na Kenol karibu mwezi mzima. Nimemfokea akanipa mkate wa bure, kwa hivyo tumesameheana. Cucu yako amekubali dawa baada ya kusikia habari ya kijiko. Jirani sasa ana vifaranga sita weupe na bado hajui wametoka wapi.

Nimeona hiyo picha ya haki. Kiuno kimerudi, asante. Lakini hizo nyeusi sizitaki. Nililipia TV yote, si katikati yake. Watu watasema TV ya Gathoni imekufa ubavu.

Kata hiyo robo uliyosema. Lakini vichwa visiguswe, maana watu watataka kujiona nyuso na zile kreti. Kata yote kutoka chini.

Na Gachau ni nani? Kwenye barua moja nimemhesabu mara nne, na kila mara anasema kitu cha maana. Sikumbuki mama yako akimtaja.

Tata


Ruiru
20 Septemba 2025

Tata mpendwa,

Natumaini mko salama, na kwamba vifaranga wamefika saba. Mama hajambo, kofia pia haijambo. Gachau ni mtu tunayefanya naye kazi.

Sasa tuongee. Picha ya kanda yako ina mistari 576, kutoka juu hadi chini, kama mistari ya daftari. Umeniomba nitupe 144 na yote itoke chini. Nimejaribu, iko kwenye flashi hii, faili inaitwa CHINI. Tata, hizo ni mbio! Nimebaki na wanawake kumi na wawili wanaoelea kutoka magotini kwenda juu, kreti zinayumba, na hakuna hata mguu mmoja. Pale Wangechi anapoanguka, haonekani akianguka. Anaonekana akishuka, polepole, kama mtu aliyeingia kwenye lifti. Gachau amecheka hadi akalala chini ya meza.

Nani huomba mbio zisizo na miguu? Nakuuliza kwa heshima.

Nina mwingine tena wa kunitoa akili. Amekuja dukani mteja wa hapa Ruiru, mama wa makamo yako, akitaka picha ikatwe yote kutoka juu. Juu peke yake! Nimemwahidi sitamtaja, kwa hivyo usiniulize. Lakini niwaze kidogo: mmoja hataki miguu, mwingine hataki vichwa. Nikiwasikiza nyote nitabaki nikiuza viuno.

Gachau ana swali lake kwako kuhusu ile kona ya chini, upande wa kushoto. Nimemkataza asiulize.

Ciku


Makongeni
14 Oktoba 2025

Ciku wangu,

Sisi ni wazima. Mvua imeanza vizuri, na paa la jikoni linavuja mahali pale pale ambapo fundi alisema halitavuja. Cucu yako anauliza kama wewe na huyo mnayefanya naye kazi mmeenda kwa kina mamake. Mimi sijamwambia kitu, ameota.

Hiyo ya CHINI nimeiona. Ni nzuri sana. Hiyo ndiyo tutaonyesha.

Nina swali dogo tu, la kujua. Bintiye jirani anasema siku hizi kuna kompyuta inachukua picha ya zamani inaifanya ya kisasa, mistari elfu moja na kitu, inakuwa safi mpaka unaona nyuzi za sweta. Je, mtu kama Wangechi akipeleka kanda yetu kwa watu kama hao, kitu ambacho sasa kinaonekana kama kivuli kinaweza kuwa wazi? Yaani watu wajue kama ni kivuli ama si kivuli?

Na nieleze hili pia. Kanda hiyo nimeiangalia kwa TV yangu ya zamani, ile ya mgongo, labda mara mia. Kila Krismasi. Kwa nini kuna vitu havikuwahi kuwa hapo na sasa viko?

Ni swali la kujua tu.

Tata


Ruiru
22 Oktoba 2025

Tata,

Safari hii naruka salamu, utanisamehe, kwa sababu barua yako imenifanya nikae chini.

Kivuli gani, Tata? Mimi sikusema kuna kivuli.

Nianze na swali lako la pili. TV za mgongo zilikuwa zinaficha ukingo wa picha. Kioo kilikuwa na fremu, na picha ilipita nyuma ya fremu kidogo kila upande, juu, chini, kushoto, kulia. Wote walijua, hata wenye kurekodi, ndiyo maana waliweka kitu cha maana katikati. Sasa sisi tukihamisha kanda tunachukua picha nzima mpaka ukingoni. Kilichokuwa kwenye ukingo kilikuwa hapo tangu 1993. Ni wewe ulikuwa hukionyeshwi.

La kwanza sasa. Kanda haiwezi kutoa kisichokuwa ndani yake. Nikichukua mistari 576 nikaifanya 1080, kompyuta inajaza katikati kwa kukisia tu: inaangalia doti ya huku na doti ya huku inaweka kitu cha kufanana nazo. Picha inakuwa kubwa na laini, lakini haijui zaidi ya ilivyojua jana. Tumejaribu, mimi na Gachau, tukaikuza ile kona mpaka ikajaza TV nzima. Kabla ya kukuza ilikuwa doa la hudhurungi kando ya mguu wa Wangechi. Baada ya kukuza ni doa kubwa la hudhurungi kando ya mguu mkubwa wa Wangechi. Gachau anasema ni kiatu. Mimi nimesema ni nyasi. Tumegombana mpaka chai ikapoa.

Kwa hivyo lala usingizi, Tata, hakuna mashine itakayowahi kusema. Anayejua ni mmoja tu, na mimi simwulizi. Nimevaa sare za ile cherehani miaka kumi na mitatu. Ukiniambia ni nyasi, mimi na nyasi.

Kwenye flashi hii kuna faili mbili. CHINI, ile ya kuelea. Na NZIMA, yenye nyeusi pembeni, kila kitu mpaka ukingoni. Tarehe 29 sitafika, tuna harusi ya kurekodi Juja. Rimoti itakuwa mkononi mwako.

Nakupenda sana, na kivuli chako.
Ciku

N.B. Ndiyo, tumeenda kwa kina mamake. Alipika mukimo. Usimwambie cucu, anaota vya kutosha.


Makongeni
3 Desemba 2025

Ciku wangu, Ciku wa mimi, keti chini kwanza. Umeketi?

Cucu yako ni mzima, kuku ni mzima, paa linavuja. Basi.

Siku hiyo tulikuwa wamama ishirini na watatu. Mugo alibeba TV na gari la mikate, ikaingia ukumbini ikinukia siagi. Tukala, tukaimba, tukawataja waliotutangulia. Wangechi alikaa mstari wa mbele na mkoba mapajani, hakuniangalia, nami sikumwangalia, tukafanya hivyo saa mbili nzima na shingo zikatuuma.

Nikaweka CHINI. Ngai! Walivyoona wanaelea, wakanipigia kelele: Gathoni, kwani tulikuwa malaika? Miguu yetu iko wapi, uliiuza? Mmoja akasema, “Hii TV imekatwa na mwizi wa viatu.” Nikacheka nao, lakini niliona kitu kimoja. Wangechi hakucheka wala hakulalamika. Yeye ndiye alipaswa kupiga kelele kuliko wote, kwa maana ni miguu yake niliyoificha. Alikuwa anaangalia juu ya TV, juu kabisa, huku anauma mdomo.

Nikamwona vile amezeeka. Nikaona nywele zake nyeupe, na nikakumbuka tulisukana hizo nywele chini ya mti wa getini wakati wa lanchi.  Nikachukua rimoti kabla akili haijanikataza, nikaweka NZIMA.

 Kreti zinakuja, Wangechi yuko mbele, mimi nyuma yake kwa hatua moja. Anafika kwa kamba. Na pale kwa kona, lile doa lako. Wangechi anaanguka, mikebe inatawanyika kila mahali, mimi napita wa kwanza, yeye anabiringika juu ya kamba wa pili.

“Ni kivuli,” mmoja akasema.

“Zi, si kivuli, ni mbwa. Kulikuwa na mbwa wa askari.”

“Hiyo ni nyasi tu, wacheni mambo.”

Ciku, ulisema kweli, hiyo picha haikuwa inajua. Ningeweza kukaa kimya na nyasi ingebaki nyasi mpaka nizikwe. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ile yangu ya mtu asiyesikia, kwa hivyo nadhani walinisikia mpaka stendi: “Ni mguu. Ni wangu. Nilimtegea.”

Sikusikia walichosema, na mara moja nikashukuru Mungu kwa masikio haya. Niliona tu midomo. Nilikuwa nalia. Wangechi akainuka, akaweka mkoba kwa kiti, akatembea mpaka kwa TV. Akaniambia, na hilo nilisikia kwa sababu alikuja karibu kama wakati wa mashine, tulivyozoea kuongea sikio kwa mdomo: “Rudisha nyuma.”

Nikarudisha.

“Simamisha hapo.”

Nikasimamisha. Akaweka kidole juu kabisa ya picha, ukingoni, kwenye kreti yake. Kulikuwa na kitu kidogo cheupe.

“Hivi ni vidole vyangu viwili,” akasema. “Nilishika kreti kutoka mwanzo hadi kwa kamba.”

Unajua sheria ya mbio hizo? Mikono chini. Ukigusa kreti hata kwa ukucha, umetoka! Miaka thelathini na miwili ananiita mwizi, na yeye alikuwa ameshika! Akaniambia alisikia kanda yetu iko kwako, akaja dukani kukubembeleza ukate juu, ukakataa kumwahidi kwamba utakata, na ukakataa pia kumwambia mimi nataka nini. Wewe mtoto! Ulikaa na siri zetu mbili mfukoni kama peremende. Nilitaka kukukasirikia nikashindwa, nilikuwa nimeshamkumbatia Wangechi na tunacheka mpaka tunakohoa, na wamama wote wamesimama juu ya viti.

Hapo ndipo nyuma kabisa, karibu na sufuria ya pilau, mtu akapiga mezani na kijiko.

Ni Ndanu. Humjui, hakuna anayemjua, alikuwa wa kubandika lebo, mama mpole wa Matuu ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno kumi. Siku hiyo ya mbio alikuwa wa tatu na akapewa mche wa sabuni.

“Ngojeni,” akasema. “Huyu alishika. Huyu alitega mguu. Si wote walitoka?”

Waliokuwa juu ya viti wakashuka.

“Sasa hiyo cherehani ni ya nani?”

Tukarudisha kanda. Tukamwangalia Ndanu juu, mikono chini. Tukamwangalia chini, miguu yake inaenda yenyewe bila kumgusa mtu. Anatoka nyuma yetu, anaruka mikebe ya Wangechi moja baada ya nyingine, kreti haitikisiki. Kila mtu aliona. Kwa ile CHINI yako hata hatungejua aliruka.

Jumatatu asubuhi akaja na mkokoteni. Nilidhani itaniuma, ile mashine ninaijua kuliko mume niliyekuwa naye. Imeuma kidogo tu. Nilimwonyesha pale uzi unapojikunja na lile pedali linalotaka kusukumwa kwa kisigino. Wangechi alikuwa amefika kutoka Ruiru na treni ya asubuhi, akasaidia kusukuma mpaka barabarani, na mimi nikatembea kando nikiwafokea wasiigonge.

Kabla hajaenda, Ndanu alifungua mfuko wake akatoa mche mzima wa sabuni, mpya, amenunua dukani.

“Hii ilikuwa ya namba tatu,” akasema. “Si yangu tena.” Akatuangalia, mimi na Wangechi, akingoja mmoja wetu aipokee.

Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Mwishowe nikaingia jikoni nikaleta kisu, tukaipima kwa futi yangu ya fundi, Wangechi akikagua upande mmoja na mimi mwingine, tukaikata nusu kwa nusu. Yangu iko hapa mezani ninapokuandikia. Yake anaitumia sasa hivi, yuko jikoni kwangu anaosha vikombe, na anaimba, nadhani, maana naona midomo.

Tata yako,
Gathoni